Baada ya Shahada ni Nini? Darsa kwa Waliohitimu na Wazee Wao



Darsa hii tumewakusudia watu wawili: kijana aliyemaliza chuo, na mzazi aliyemlipia ada. Wawili hawa hufurahi pamoja siku moja, kisha huingia katika fikira moja ambayo hakuna anayependa kuitamka. Siku ya kuhitimu huvaliwa joho, hupikwa pilau, na majirani huja kutoa mkono wa hongera. Haupiti mwezi, majirani wale wale huanza kuuliza, "Amepata kazi?" Ikifika miezi sita bila ya jawabu, kijana huona haya kupita barazani, na mama yake hubadilisha mazungumzo kila jina la mwanawe litajwapo. Jambo hili lipo katika miji yetu yote, tangu Lamu hata Vanga, wala halifai kunyamaziwa.

Twapenda kulitazama kwa mfano wa mji ulio mbali na bahari. Mtu akielezwa habari za nyumba yake mwenyewe hukimbilia kujitetea, lakini akielezwa za jirani husikiliza. Mfano wetu ni Nkubu.

Nkubu na vyuo vyake

Nkubu ni mji mdogo wa Meru, upande wa Imenti Kusini, katika barabara kuu itokayo Embu kwenda Meru mjini, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Juu yake ni mashamba ya chai, kati ni kahawa, na chini kuelekea Mitunguu ni migomba inyweshwayo maji. Hapo mjini ipo hospitali ya Consolata ya Kanisa Katoliki, na pamoja nayo chuo cha wauguzi. Kusini yake, huko Egoji, kipo chuo cha walimu. Na huko Nchiru, ng'ambo ya Meru mjini, kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ambacho ardhi yake ilitolewa na wazee wa baraza la Njuri Ncheke. Chuo hicho kilipata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2013, mwaka ule ule waliopata hati Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ambacho wazee wetu walikijua tangu 1951 kwa jina la MIOME, Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa.

Basi tusidhani kwamba wenzetu wa bara wana vyuo na sisi hatuna. Vyuo wanavyo, nasi tunavyo. Na shida inayomngoja kijana mlangoni mwa chuo ni moja, awe ametoka Egoji au ametoka Shanzu. Tumeichagua Nkubu kwa sababu pale na kandokando yake husomeshwa kazi mbili ambazo wazazi wa Kenya wamezitumainia kuliko nyingi nyingine, ualimu na uuguzi. Mwenye kuelewa yaliyozipata kazi mbili hizi ameelewa yaliyozipata zote.

Jambo la kwanza: nasaha imebaki, njia imegeuka

Wazee wetu waliwausia watoto: soma, umalize, ungoje barua. Nasaha hiyo haikuwa ya upumbavu. Katika zama zao mwalimu aliyetoka chuoni alipelekwa skuli na Tume ya Kuajiri Walimu, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na muuguzi alipangiwa hospitali na wizara. Aliyemaliza alikuwa na haki ya kungoja, kwani alikuwa na cha kungojea.

Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilisimamisha desturi ya kuwaajiri walimu wote wanaohitimu. Tangu hapo nafasi hutangazwa, na wengi hugombania chache. Kwa upande wa afya, Katiba ya mwaka 2010 ilizitoa hospitali nyingi mikononi mwa Nairobi ikazitia mikononi mwa kaunti, na jambo hilo likaanza kutendeka mwaka 2013. Muuguzi akawa hana mwajiri mmoja wa kumngojea. Kila kaunti ina bodi yake, hutangaza kwa wakati wake na kwa kadiri ya mfuko wake. Na hata aliyeajiriwa hakupata raha kamili, kwani mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma muda wa miezi mitano, kuanzia Juni hata Novemba.

Tena ajira yenyewe imepata sura mpya. Zilipoanza skuli za sekondari ya chini mwaka 2023, walimu wengi walichukuliwa kwa mkataba wa mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na wale wa msingi shilingi 15,000. Mwezi wa Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba mpango huo haukufuata sheria. Hatuyataji haya ili kulaumu. Twayataja ili mzazi ajue kwamba mwanawe asiyepata barua si lazima awe mvivu, na kijana ajue kwamba barua si jambo la kungojewa huku mtu amelala kitandani.

Jambo la pili: shahada si ruhusa ya kazi

Vijana wengi hudhani kwamba aliyepewa shahada amekwisha kamilika. Sivyo. Shahada ni ushahidi kuwa umesoma. Ruhusa ya kufanya kazi ni kitu kingine, na hutolewa na wengine.

Aliyesoma uuguzi Nkubu, au popote pengine, hana budi kufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, aandikwe katika daftari lao, apate leseni, na kuihuisha kila muda wake unapokwisha, pamoja na kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Aliyesoma ualimu hana budi kusajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu, na kabla yake apate cheti cha tabia njema kutoka polisi. Asiyesajiliwa haruhusiwi na sheria kusomesha, hata akiwa na shahada tatu.

Na kabla ya hayo yote kuna chuo chenyewe. Vyuo vingi havitoi shahada mpaka ada yote iishe kulipwa. Twawajua vijana waliomaliza mitihani wakafaulu, na shahada zao ziko kabatini mwa chuo kwa sababu ya salio la ada. Kila tangazo la kazi huwapita, kwani huulizwa karatasi ambayo hawana. Katika hali kama hii, fedha za kwanza zipatikanazo nyumbani zapaswa kuikomboa shahada kabla ya kitu kingine chochote. Karamu ya kuhitimu yaweza kungoja, na deni la chuo lisingoje.

Zaidi ya hayo, elimu yenyewe haisimami. Walimu wa msingi walikuwa wakisoma miaka miwili wakapata cheti kilichoitwa P1. Tangu mwaka 2021 vyuo vimeingia katika diploma ya miaka mitatu. Aliyekuwa na cheti cha zamani akasema "nimemaliza" alijikuta nyuma ya wadogo zake. Kuhitimu basi si kufunga kitabu, ni kujua kitabu gani kinafuata.

Jambo la tatu: madeni ya aliyehitimu

Aliyehitimu hutoka chuoni na madeni mawili, na yote mawili yapasa kuandikwa.

La kwanza ni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, kwa wale waliosoma kwa mkopo wake. Bodi hiyo iliundwa mwaka 1995. Mkopo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo kwisha, na ziada yake ni asilimia 4 kwa mwaka. Ama mas-ala ya ziada hiyo katika sharia ni mlango mwingine, una darsa yake na wanachuoni wake. Leo twasema juu ya yule ambaye amekwisha kukopa. Mwenye kukaa kimya bila kulipa wala kuarifu hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Tufanye hesabu. Tuseme kijana anadaiwa shilingi 120,000. Asilimia 4 yake ni shilingi 4,800 kwa mwaka. Basi faini ya mwezi mmoja peke yake yapita ziada ya mwaka mzima, na faini ya mwaka ni shilingi 60,000, yaani nusu ya deni lenyewe. Kimya ndicho kinachomla kijana kuliko mkopo. Asiye na kazi na aende, au aandike, awaeleze hali yake na apange nao malipo kabla ya mwaka kwisha.

Deni la pili halimo katika daftari la afisi yoyote, nalo ni la nyumbani. Huko Nkubu nyumba nyingi hulipa ada kwa fedha za chai na kahawa. Mkulima wa chai hupata kidogo kila mwezi, kisha mara moja kwa mwaka hupata malipo makubwa, wenyewe huyaita bonasi, na hayo aghalabu huwa yamekwisha kugawanywa kabla hayajafika: ada ya huyu, mbolea, na ada ya yule. Kwetu sisi ni minazi, ni uvuvi, ni duka, ni mshahara wa bandarini, au ni fedha zinazoletwa na ndugu aliyeko Ghuba. Pote wazazi huwa na tamaa moja: huyu akimaliza, atamshika mkono mdogo wake.

Tamaa hiyo ni ya haki, lakini haina budi kusemwa wazi. Mzazi na aseme, "Mwanangu, twakutarajia umlipie dada yako fungu fulani, kuanzia wakati fulani." Kijana naye na aseme, "Baba, mwaka wa kwanza sitaweza ila kiasi hiki." Makubaliano machungu ya mapema yana kheri kuliko lawama tamu-tamu za kila siku. Tumeona ndugu waliotengana kwa sababu ya ahadi ambayo kila mmoja aliidhania na hakuna aliyeitamka.

Jambo la nne: njia tatu na hatari zake

Mwenye shahada mkononi ana njia tatu kubwa.

Ya kwanza ni kungojea ajira ya serikali. Njia hii haina ubaya, kwa sharti moja: angojee akiwa kazini. Muuguzi yuko katika hospitali ya misheni, au zahanati ya mtu binafsi, hata kwa mshahara mdogo. Mwalimu yuko katika skuli ya jumuia au madrasa yenye masomo yote mawili. Bodi itakapotangaza nafasi itauliza, "Umefanya nini tangu umalize?" Mwenye jawabu ataitwa mbele ya asiye nalo. Tena mikono ya muuguzi isipotumika husahau, kama ulimi wa mwenye kuacha kusoma.

Ya pili ni kazi ya mtu mwenyewe. Serikali imeweka mifuko ya kukopesha vijana, na tangu mwaka 2013 imeamuru asilimia 30 ya zabuni zake zitengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini twaonya: mwenye kukopa mtaji kabla hajajifunza biashara amejiongezea deni la tatu juu ya mawili. Na afanye kazi kwa mwenye duka kwanza, aone bidhaa inavyoingia na inavyotoka, ndipo afungue lake.

Ya tatu ni kusafiri. Mwezi wa Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano juu ya wauguzi na wafanyakazi wa afya, na Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zikatia saini mapatano juu ya wafanyakazi. Ama Ghuba, watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Milango hiyo ni ya kweli, lakini kila mmoja una ufunguo wake: Uingereza hutaka mtihani wa lugha na mtihani wa kazi, Ujerumani hutaka Kijerumani, na kwa muuguzi kwa kawaida hufika daraja ya B2, serikali za Ghuba hutaka shahada zihakikishwe na mtihani wao ufanywe. Mtu akikwambia kwamba yeye atakupeleka bila ya mojawapo ya hayo, basi ama hajui anachouza, ama anakuuza wewe.

Mawakala wa kazi za nje husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kabla ya kutoa shilingi moja, uliza jina la wakala katika orodha yake. Usitoe pasipoti kwa mtu usiyejua afisi yake. Usitie saini mkataba ambao hujausoma, au hujasomewa na mtu usiye na shaka naye. Na muhuri wa ofisi kubwa usikufumbe macho. Mwaka 2023 kule Uasin Gishu wazazi waliandamana wakidai fedha walizolipa katika mpango wa kuwapeleka watoto wao kusoma Finland na Canada, na mpango ule ulipita mikononi mwa serikali ya kaunti. Wako waliouza ng'ombe na mashamba. Ikiwa hayo yaliwapata waliolipa palipo na bendera, hali ya mwenye kulipa mkahawani ni ipi?

Jambo la tano: binti aliyehitimu

Hapa twataka kusema na wazee wetu kwa adabu, lakini bila ya kuficha. Binti akimaliza uuguzi au ualimu, aghalabu posa huja mwezi ule ule. Ndoa ni kheri, hatusemi juu yake. Twasema juu ya shahada inayofungwa katika sanduku pamoja na nguo za harusi, leseni ikapita muda wake, na miaka ya ada ikawa kama haikulipwa.

Tukiwapeleka wake zetu hospitali kujifungua, sote twauliza, "Hapana muuguzi mwanamke?" Na tukijibiwa kuwa hapana, twakasirika. Jee, muuguzi huyo mwanamke atatoka katika nyumba ya nani, ikiwa kila nyumba yamtaka kwa jirani na yamkataza kwake? Jambo hili lataka kuzungumzwa na mposaji kabla ya akdi, liwe miongoni mwa yanayoafikiwa, si baada yake likawa fitina.

Jambo la sita: kungoja kwa mkulima

Mche wa chai huko Nkubu hukaa kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuanza kuchumwa sawasawa. Mnazi wetu mrefu hukaa miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Hakuna mkulima wa huku wala wa kule aliyeketi chini ya mche akaungojea. Yule wa bara hupanda mahindi na maharage upande wa pili wa shamba. Huyu wa pwani hupanda mihogo na kunde kati ya minazi. Hivyo hula leo na kesho yake inakua.

Vijana nao na wapange hivyo. Mche mrefu ni ile kazi uliyoisomea. Usiung'oe kwa sababu umechelewa. Mihogo ni kazi ya leo, halali yoyote ya kukulisha. Usiidharau kwa sababu haifanani na joho ulilovaa. Muuguzi anayeuza dawa katika duka la mwingine hajaanguka. Aliyeanguka ni yule anayeomba nauli kwa mama yake mwaka wa tatu huku akisema kazi fulani si ya hadhi yake.

Na ajiwekee mpaka. Aseme, "Njia hii nitaijaribu miezi sita, isipofunguka nitaishika ile." Kungoja kusiko na mwisho si subira, ni kupotea polepole. Wako pia wanaosema kuwa wamefanya istikhara na hawajaoteshwa kitu. Istikhara si kulala na kungojea ndoto. Mtu hutaka shauri kwa wenye kujua, akapima, akamwomba Mola wake amkadirie kheri, kisha akaenda. Wala kazi haitafutwi kwa hirizi wala kwa kafara ya mganga. Fedha ile ya mganga yatosha kulipia cheti cha tabia njema na nauli ya kupelekea barua.

Maswali ya darsa

Twaomba maswali haya yasomwe nyumbani, kijana na wazee wake wakiwa wameketi pamoja, na majawabu yaandikwe katika karatasi moja:

1. Shahada iko mkononi, au iko chuoni? Ikiwa iko chuoni, kimebaki kiasi gani, na nani atalipa?
2. Usajili na leseni vimekwisha? Kama bado, ni karatasi gani inayokosekana?
3. Deni la mkopo ni shilingi ngapi, na litaanza kudaiwa mwezi gani?
4. Ni nani nyumbani anayemtarajia kijana huyu, na amtarajia kwa kiasi gani?
5. Kazi ya leo ni ipi, mche mrefu ni upi, na mpaka wa kungoja ni tarehe gani?
6. Ikiwa ni binti, jambo la kazi yake limezungumzwa na wanaomposa?

Mwenye kuyajibu sita haya hatakuwa amepata kazi, lakini atakuwa amejua anasimama wapi. Na ile karatasi itundikwe mahali panapoonekana, isomwe tena mwezi ujao, na lililotimia lipigwe mstari.